Gari Lililomlaza Mama

Kila aliyepanda kiti cha mbele cha gari lile alilala.

Sisemi kusinzia. Nasema kulala, mdomo wazi, shingo imeangukia begani, mpaka umguse mara tatu ndipo ajue yuko wapi.

Tulilicheka sana jambo hilo, familia nzima. Mimi nilicheka kuliko wote kwa sababu sifa zilikuwa zinakuja kwangu.

Mtakaotaka kunitukana, nitukaneni, sitawajibu. Ila someni mpaka mwisho kwanza, maana huenda gari la namna hiyo limeegeshwa nje ya nyumba yako sasa hivi.

Mimi ni fundi wa AC za magari, mwaka wa kumi na nne huu. Pale gereji jina langu halisi hakuna anayelijua, wananiita Baridi. Mteja akifika getini anauliza, "Baridi yupo?" na anaoneshwa kwa kidole.

Mama yangu alikuwa mgonjwa wa moyo. Miguu ilivimba, pumzi ilikatika akipanda ngazi mbili tu. Alikuwa anaishi kwa dada yangu mkubwa, na mara mbili kwa wiki ilibidi apelekwe hospitali. Aliyempeleka hakuwa mimi mwanawe wa kumzaa, kitinda mimba wake. Alikuwa shemeji yangu, mume wa dada.

Shemeji ni mtunza ghala kwenye kiwanda cha unga. Mtu wa maneno machache, mpole mpaka anakera. Alibadilishana zamu na wenzake ili ampeleke mkwe wake hospitali, na sikuwahi kumsikia akilalamika hata siku moja.

Gari lake lilikuwa kuukuu. Lilishapita mikono ya watu watatu kabla yake, na kama lingekuwa mtoto wa mtu tungekuwa tunalitafutia mchumba. AC ilikuwa imekufa zamani. Kwenye foleni mle ndani ni tanuri, na joto ndilo lilikuwa adui namba moja wa mama.

Siku moja dada akanipigia.

"Wewe unajiita Baridi mji mzima, mama yako anakaangwa kwenye gari. Huoni haya?"

Niliona haya. Nikamwambia shemeji alete gari.

Nililifanyia kazi siku mbili. Naomba niwaeleze nilichofanya, kwa sababu mambo yote yako hapo.

Nilipima gesi, hakuna hata punje. Nikapaka povu la sabuni kwenye maungio ya mabomba, nikaona linatoa mapovu sehemu mbili, nikabadilisha ringi za mpira. Kule mbele ya rejeta kulikuwa na vumbi na majani yameganda, nikaosha mpaka maji yakatoka masafi. Kompresa ilikuwa bado hai. Nikanyonya hewa yote kwenye mfumo, nikajaza gesi mpya.

Mpaka hapo nilikuwa fundi mzuri.

Sasa, mabomba ya AC yanapita kwenye tundu la ukuta ule unaotenga injini na sehemu mnayokaa ninyi. Tundu lile lina mpira wa kuliziba. Wa gari lile ulikuwa umeoza, ukanivunjikia mkononi. Kutafuta mwingine ni kuzunguka maduka siku nzima. Nikachukua tambara, nikalisokomeza pale, nikasonga mbele.

Halafu kuna kimlango kidogo cha hewa, nyuma ya droo ya dashibodi, mbele ya magoti ya abiria. Kikiwa wazi, gari linavuta hewa ya nje. Kikifungwa, linazungusha hewa ile ile ya ndani. Kwenye magari ya zamani kimota cha kukisukuma huwa kimekufa. Mafundi tunacho kiujanja chetu: tunakifunga kwa waya, kisifunguke tena. Gari linakuwa halihangaiki na joto la nje, linapoza haraka, mteja anafurahi, wewe unasifiwa.

Cha gari la shemeji nacho nikakifunga. Mimi nilikuwa natumia waya wa kijani, nausokota mara tatu na kuukunja ncha. Waliofungua dashibodi nilizogusa walikuwa wanajua, hii kazi ya Baridi.

Kuna jambo la tatu.

Nilipowasha injini asubuhi ya siku ya pili, ikiwa bado ya baridi, nilisikia mlio. Tik, tik, tik. Fundi yeyote anaujua mlio ule. Gasketi ya moshi imeungua, moshi unatokea pale pale kwenye injini badala ya kwenda nyuma kwenye bomba. Niliangalia, nikaona hata masizi meusi yametandaa kwenye chuma.

Nilinyamaza.

Pale gereji kila mtu ana kazi yake. Wa umeme ni wa umeme, wa rangi ni wa rangi, wa moshi ni wa moshi. Ukianza kumwambia mteja tatizo lililo kwenye idara ya mwenzako, unaonekana unajipendekeza au unatafuta kamisheni. Nikasema moyoni, huyo atakwenda kwa fundi wa moshi siku akiona inafaa. Mimi ni wa AC.

Nikafunga boneti.

Wiki ile ile mama alinipigia simu mwenyewe. Sauti yake ilikuwa na furaha ambayo sikuwa nimeisikia siku nyingi.

"Mwanangu, kwenye gari lile napata usingizi ambao kitandani siupati. Nikikaa tu, nalala mpaka tunafika. Mungu akubariki mikono yako."

Nikajibu, "Amina, mama."

Simu ile nilimsimulia kila mtu gereji.

Mtoto wa dada alipanda mbele, akalala. Shangazi alikuja kumwona mama, akarudishwa kituoni, akalala mpaka akapitilizwa. Tukawa tunasema shemeji amenunua kitanda chenye magurudumu.

Kichwa kilikuwa kinamuuma mama kila akishuka. Tukasema ni maradhi. Shemeji naye akawa analalamika kichwa. Tukasema ni zamu za ghala.

Siku moja nilikuwa nyumbani kwao wakati wanatoka hospitali. Nikaona shemeji anaingia getini kioo chake kiko wazi nusu. Nilikasirika, jamani, mtu mzima nilikasirika kweli.

"Shemeji, mimi nimekaa siku mbili nakutengenezea baridi, wewe unaimwaga nje?"

"Nilikuwa nasikia kizunguzungu," akasema. "Halafu kuna harufu fulani mle ndani."

"Harufu ya gari kuukuu. Vumbi la ndani ya mabomba hilo, litaisha. Ukifungua kioo unaua AC, kompresa inafanya kazi bure. Funga vioo."

Nikaenda kwenye begi langu, nikatoa kile kikadi cha manukato cha kuning'iniza kwenye kioo cha kati. Nikakitundika mwenyewe.

"Umepona harufu," nikamwambia.

Akacheka kidogo. Akafunga kioo.

Baada ya siku kumi na mbili mama alifariki mle ndani.

Ilikuwa hivi. Daktari alishamwona, zikabaki dawa. Foleni ya dirisha la dawa ilikuwa ndefu, viti vimejaa, jua linachoma. Shemeji akamnunulia mama chai, akamkalisha garini kwenye maegesho, akaacha injini inaunguruma na AC inapuliza, vioo vimefungwa. Akaenda kupanga foleni. Alikaa huko karibu saa nzima.

Aliporudi alimkuta amelala. Hakutaka kumwamsha. Maskini ya Mungu, aliendesha polepole, anakwepa mashimo, ili mama mkwe asishtuke.

Dada ndiye aliyefungua mlango wa gari pale nyumbani. Alimgusa bega mara tatu.

Hospitali walisema moyo. Mgonjwa wa moyo akifariki, nani atauliza zaidi? Lakini wanawake waliomwosha walitoka na maneno. Walisema midomo yake na kucha zilikuwa nyekundu, nyekundu kama za binti, na maiti haiwi hivyo. Mmoja akauliza alikula nini mara ya mwisho.

Chai. Alinunuliwa chai na mkwewe.

Msiba una masikio elfu. Kufika siku ya tatu, watu hawakuwa wanauliza tena, walikuwa wanajua. Kwamba shemeji alichoka kumbeba mgonjwa asiye mama yake. Kwamba alitia kitu kwenye chai, akamwacha afe taratibu, akaenda kusimama kwenye foleni ili aonekane.

Na mimi, Baridi, kitinda mimba, nilisimama katikati ya waombolezaji nikamnyooshea kidole.

"Saa nzima umemfungia mama yangu garini kama mzigo. Hata kioo hukufungua. Kwa nini hukufungua kioo?"

Shemeji aliniangalia. Naliona jicho lile mpaka leo. Mtu amesimama ukweni, msibani, wakwe zake wote wanamtazama, na jibu analo mdomoni. Wewe ndiye uliyeniambia nifunge. Maneno machache tu hayo.

Hakuyasema. Aliinamisha kichwa kama mkwe mwenye adabu, akatoka nje.

Nikapiga kelele nyuma yake, "Muuaji."

Baada ya mazishi mjomba alikusanya familia. Ikaamuliwa dada asirudi kwa mumewe mpaka jambo lile lijulikane. Nani angelijulisha? Hakuna aliyejua pa kuanzia, ilikuwa njia tu ya kuvunja ndoa bila kutamka talaka. Dada hakutaka. Alilia, alisema mume wake hawezi. Mimi ndiye niliyempigia kelele mpaka akachoka. Mimi ndiye niliyekwenda kupakia masanduku yake, kabati lake, na viatu vya wapwa zangu wawili, kwenye gari la kukodi.

Shemeji alitusaidia kubeba.

Ikapita miezi minane. Dada anaishi nyumba ya marehemu mama, anakonda. Wanawe wanamuuliza baba yuko wapi, anawaambia kazini. Kila nikienda kumtembelea ananiuliza swali lile lile, "Wewe unaamini kweli?" Nami najibu, "Kama si yeye, ni nani?"

Basi.

Siku moja asubuhi, mwalimu mmoja wa shule ya msingi akaingia gereji na gari. Sikuhitaji kusoma namba. Kile kidonda cha mlango wa nyuma wa gari la shemeji nilikuwa nakijua.

"Nimelinunua mkononi kwa mtu," mwalimu akasema. "Zuri tu, ila AC inachelewa kupoza. Nimeambiwa wewe ndiye mwenyewe."

Nikajikaza. Kazi ni kazi. Nikasema huu utakuwa waya umekatika tu, nausokota upya, dakika kumi. Nikashusha droo ya dashibodi, nikaingiza mkono nyuma yake bila hata kuangalia.

Waya haukuwa umekatika wenyewe. Ulikuwa umekatwa kwa koleo, safi, kimebaki kipande kimoja cha kijani chenye ncha iliyokunjwa.

Nikafungua boneti. Tambara langu halikuwepo. Pale kwenye tundu kulikuwa na mpira mpya, umezungushiwa gundi nyeusi vizuri kabisa. Nikageukia kwenye moshi. Gasketi mpya. Boliti mpya zote.

"Mwalimu, ni nani alitengeneza hapa?"

"Aliyeniuzia alishatengeneza kabla sijanunua. Na afadhali umeuliza, alinipa karatasi. Aliniapisha kabisa kwamba fundi yeyote wa AC atakayeligusa gari hili aisome kwanza. Samahani, nilisahau."

Akaitoa kwenye kijitabu cha gari. Ilikuwa karatasi ya fundi wa moshi wa mtaa mwingine, mwandiko mbaya, kalamu ya bluu, ina alama za vidole vya grisi. Nimeisoma mara nyingi mpaka imekaa kichwani:

"Gasketi ya moshi imeungua muda mrefu. Moshi unaingia ndani kupitia tundu la mabomba ya AC, limezibwa kwa tambara. Mlango wa hewa ya nje umefungwa na fundi kwa waya wa kijani, kwa hiyo moshi ukiingia hautoki. Gari likisimama linanguruma vioo vimefungwa, aliye ndani atalala na hataamka. Nimempa mteja maelezo."

Chini kulikuwa na tarehe. Siku tisa baada ya mazishi ya mama.

Nilikaa chini, juu ya tairi. Ule wekundu wa midomo ya mama haukuwa sumu ya chai, ulikuwa wa moshi. Mwalimu akaniuliza kama naumwa. Nikamwambia ndiyo.

Yule mwalimu nilimweleza kwamba gari lake liko salama, asimruhusu mtu yeyote kufunga tena kimlango kile, na avumilie kuchelewa kwa baridi. Nikamwomba aniazime karatasi, na kile kipande cha waya nikakitia mfukoni. Kisha nikavua ovaroli, nikaenda kwa shemeji hivyo hivyo, mikono ina grisi.

Nilimkuta anapiga pasi shati la kazi. Nyumba nusu tupu, kabati tulilochukua limeacha alama yake ukutani. Aliiona karatasi mkononi mwangu, akachomoa pasi kwenye umeme.

"Karibu, shemeji," akasema. Bado aliniita shemeji.

"Ulijua," nikamwambia.

"Nilijua."

"Ulijuaje?"

"Wiki ile baada ya msiba nililala kwenye taa za barabarani. Nikaamshwa na honi. Nikakumbuka mama alivyokuwa analala. Nikalipeleka kwa fundi wa moshi."

"Miezi minane, shemeji. Watu wanakuita muuaji. Mkeo ameondoka, watoto wameondoka. Ulikuwa na karatasi hii. Kwa nini hukuja ukatutupia usoni?"

Alikunja shati lake taratibu, kola kwanza, kama mtu asiye na haraka ya jambo lolote duniani.

"Dada yako alikuwa ametoka kumzika mama yake," akasema. "Nilipofikiria, nikaona nikisema ukweli atamzika na mdogo wake. Mimi ni mume tu, mume mwingine anaweza kumpata. Nikasema nitakusubiri uje wewe mwenyewe useme."

"Nije vipi na mimi sikujua?"

Hapo ndipo aliponiangalia vizuri.

"Hukujua?"

"Wallahi sikujua. Mpaka leo asubuhi."

Halafu akasema jambo ambalo ningeomba nipigwe kuliko kulisikia.

"Nilipoisoma ile karatasi nilikumbuka ulivyopiga kelele pale msibani, kuhusu kioo. Nikasema, huyu anajua. Anapiga kelele ili mimi nisiseme. Miezi minane nimekuchukia, nikijua kwamba unajua."

Nililia mbele yake kama mtoto. Hakunikumbatia, na sikutarajia. Alinipa maji.

Siku ile ile, kabla jua halijazama, nilikwenda kwa dada. Alikuwa ukumbini anakunja nguo za shule za wanawe. Nikaweka mezani karatasi na kile kipande cha waya. Nikamweleza kila kitu, tambara, kimlango, mpaka kikadi cha manukato. Sikujipunguzia.

Aliisoma karatasi mara mbili. Akauchukua waya, akaugeuza geuza.

"Huu ndio wako wa siku zote."

"Ndio."

"Na ule mlio wa injini uliousema. Uliusikia kabla ya mama kupanda?"

"Niliusikia."

"Ukanyamaza."

"Nikanyamaza."

"Kwa sababu gani?"



"Haikuwa kazi yangu, dada."

Alitikisa kichwa polepole. Alivuta begi chini ya kochi, akaanza kuzipanga zile nguo za shule ndani yake. Akawaita watoto, akawaambia wavae viatu, wanakwenda kwa baba yao.

"Dada, mna mizigo. Nina gari hapo nje, ngoja niwapeleke."

"Tutatembea," akasema.

Walitembea. Kutoka pale mpaka kwa shemeji ni mwendo wa saa nzima, na begi lile lilikuwa zito. Nilisimama mlangoni mpaka walipokata kona.

Hiyo ilikuwa mwaka jana. Mjomba na wazee walikwenda kumwomba radhi shemeji, akawapokea, akawapa viti. Yeye hunisalimu tukikutana. Dada hajanisemesha mpaka leo, na simlaumu.

Sasa sikilizeni, hasa wenye magari ya zamani. Ukitengenezewa AC, muulize fundi kama kafunga hewa ya nje, na akikwambia ndiyo, mwambie afungue mbele yako. Mwambie akuoneshe tundu la mabomba limezibwa kwa kitu gani. Ukisikia injini inagonga tik tik asubuhi, peleka kwa fundi wa moshi siku hiyo hiyo. Ukimwona mtu analala kila akipanda gari lako na kushuka na kichwa kinauma, teremsha vioo, zima injini, mtoe nje. Msicheke kama tulivyocheka sisi.

Na ninyi mafundi wenzangu, mkisikia mlio, semeni. Hata kama hamtalipwa, hata kama wenzenu watanuna.

Gereji bado naitwa Baridi. Nimefungua vimlango vyote nilivyoweza kuvifuatilia, gari kwa gari, nimeshafikisha thelathini na moja. Kila ninapokata waya wa kijani, naisikia sauti ya mama kwenye simu inavyofurahi, Mungu akubariki mikono yako. Na ninajisikia mwenyewe nikiitikia amina.